Mkate wa Kulaza Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 20 Desemba. Kihonda.

Padri kasema nimekuwa mtu wa kunung'unika. Kaniagiza niandike kila siku jambo la kushukuru mpaka Krismasi ipite. Hakusema lazima liwe jambo jema kwa kila mtu.

Basi la leo: nashukuru kwamba Bibi Modesta kahama Matombo. Ni mtu wa ukoo wa mke wangu, na ndiye aliyekuwa akilima bonde lao, kile kipande cha chini penye kijito kisichokauka. Magoti yamemshinda, kaenda kukaa kwa wanawe Kilosa. Magoti namwombea. Lakini bonde liko wazi! Karoti, kabichi, nyanya, mwaka mzima bila kusubiri mvua.

Na mimi, tangu kiwanda kipunguze watu mwezi wa kumi, kazi yangu ni kushika rimoti. Yuliana anaamka kukaanga vitumbua vya kuuza. Mimi naamka kumwangalia. Siwezi kuendelea hivi. Juzi binti yetu Pendo aliulizwa shuleni baba yake anafanya nini, akajibu yupo.

Shida: ardhi ya Uluguruni ni ya ukoo wa mama. Mimi ni mtoto wa Turiani, baba alitoka Njombe akaja kukata miwa, huku nimeoa tu. Aliyeoa analima akipewa. Mgawaji ni Mjomba Laurenti, kaka wa mama mkwe wangu. Leo kapiga simu. Kasema asubuhi ya Krismasi, ukoo ukikaa kwenye chai, atatamka nani alime bonde.

Shida nyingine: Gervas. Huyu ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa nyumba moja. Yeye kamchukua dada mkubwa, Judith, mimi mdogo. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana pikapu, ana tumbo la mtu anayesikilizwa. Kila Krismasi anapeleka mbuzi. Watu wanamshangilia kama vile kamzaa mwenyewe.

Lakini mbuzi ni wa mchana! Bonde linatamkwa asubuhi! Atakayeishika chai ndiye atakayelishika bonde. Gervas hajaliona hili. Nimeliona mimi, nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Na jibu ninalo. Kwenye simu nimemwona mama mmoja wa Ulaya akipika chakula cha asubuhi ya sikukuu. Anakata mkate vipande, anapanga kwenye chombo, anatia soseji, vitunguu, hoho na jibini, anapiga mayai na maziwa, anamwagia juu. Halafu, na hapa ndipo nilipompenda, anakwenda kulala. Mkate unanyonya wenyewe usiku kucha. Asubuhi anauoka tu. Unaumuka, unakuwa rangi ya dhahabu, familia nzima inamkumbatia, mpaka mbwa.

Nimeuita mkate wa kulaza. Chakula kinachojipika mpishi akiwa kalala. Sijui kwa nini hatukukutana mapema.


Jumapili, 21 Desemba

Majaribio.

Oveni hatuna. Si tatizo, nchi nzima inaoka keki kwa mkaa. Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani, bati juu, makaa juu ya bati. Jirani yetu Shadia, anayeoka keki za harusi, kanishauri juu ya ukuta: moto mwingi juu, kidogo chini, na subira. Nikamshukuru. Halafu nikafikiri. Moto mwingi juu na mwingi chini, muda nusu! Kwa nini hakuna aliyewahi kuliwaza hili?

Sasa najua. Juu lami, chini lami, katikati uji. Pendo kauliza kama ni dawa. Shadia kaja kuangalia, kainama, kanusa, kasema ameoka tangu usichana lakini hajawahi kuona chakula kilichoungua kikiwa bado kibichi. Jirani, una kipaji, kasema. Yuliana kacheka mpaka kashika ukuta.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa kumi. Nashukuru kwa kicheko cha mke wangu. Kilikuwa cha kunicheka mimi, lakini kicheko ni kicheko.

Baadaye, akikosha sufuria kwa mchanga, kaniuliza kama nakumbuka kwamba kwao mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Nakumbuka! Miaka yote ya ndoa sijakaa na Mama Josephina meza moja. Tukikutana njiani mimi nageukia migomba, yeye anashusha kanga usoni, tunasalimiana kila mtu akiongea na majani yake. Ndiyo heshima, na kwa kweli imetuepusha na mengi. Nikamwambia Yuliana asiwe na wasiwasi: mimi nitakuwa akili, yeye mikono.

Akaendelea kukosha sufuria. Nachukulia kakubali.


Jumatatu, 22 Desemba

Pigo! Judith kamwambia Yuliana kwenye simu kwamba Gervas anampelekea Mama oveni ya gesi. Mpya. Ina mlango wa kioo na taa ndani. Mbuzi NA oveni!

Nimelala mchana kutwa nimegeukia ukuta.

Jioni nikakaa kitako. Oveni inaokaje ikiwa tupu? Gervas kanunua chombo, hana cha kutia. Anahangaika na nyumba, mwenye nyumba ninaye mimi. Ukoo utafungua ule mlango wa kioo na utakuta nini? Mkate wangu!

Nashukuru kwa mwanyumba mwenye fedha asiye na mawazo. Tena katupa lifti.

Shadia kaniletea kipande cha jibini kilichobaki kwenye kazi ya mteja wake. Kakataa malipo. Kasema nikirudi nimsimulie tu, asifichwe kitu. Huyu naye namshukuru, bila hila.


Jumanne, 23 Desemba. Matombo.

Mbele ya pikapu: Gervas, Judith, na Yuliana kampakata Pendo. Nyuma: mbuzi, oveni na mimi. Mbuzi alifungwa kamba. Oveni ilifungwa kamba. Mimi niliambiwa nijishike.

Yule mama wa Ulaya hakueleza mayai yanapandaje Uluguru. Nilianza nayo mapajani. Barabara ikaanza mawe. Nikapata wazo. Oveni! Ina rafu, ina mlango, haina jua. Nikaingiza trei zote ndani nikakunja mikono kifuani kama mtu wa ofisini.

Shimo moja tu. Pikapu ikaruka, mlango ukafunguka, ikatoka njano. Mbuzi akaanza kulamba. Nikavua shati nikafuta kioo, nikafuta rafu, nikafuta mbuzi, na kila Gervas alipogeuka kuitazama zawadi yake nikampungia mkono.

Yamepona zaidi ya nusu. Nashukuru. Kuku wa kienyeji wana maganda ya kiume.

Tumefika ukungu umekaa juu ya migomba, manyunyu. Mjomba Laurenti alikuwa barazani. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia, akanitazama kifuani, kwenye lile shati la njano ya mayai, akauliza kama siku hizi mjini chai mnaivaa.

Gervas kaifunua oveni mbele ya ukoo. Makofi. Kafungua mlango. Harufu. Kasema hiyo ndiyo harufu ya kitu kipya. Kisha akatafuta mtungi wa gesi. Kwenye pikapu haupo. Chini ya turubai haupo. Upo Kihonda, mlangoni kwake, alipouweka ili asiusahau. Wakaulizia dukani kwa jirani. Mtungi wanao, ila kichwa chake hakiingiani na mpira wa oveni. Sasa oveni iko sebuleni, imevikwa kitambaa cha kufuma, juu yake wameweka picha ya Familia Takatifu. Imependeza sana.

Nilitaka kwenda nyuma ya nyumba nikacheke peke yangu. Nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa naitegemea.


Jumatano, 24 Desemba

Mkaa, basi. Safari hii moto mwingi juu, kidogo chini. Nimeufikiria mwenyewe.

Nimeupanga mkate barazani, mbele ya wazee, kwa kuwa jikoni siingii. Kukata vipande. Kupanga. Vitunguu vilinitoa machozi na wazee wakadhani ni mambo ya kazi, wakanipa pole. Gervas kapita na kikombe chake, kauliza kwa sauti kama kanga nimekuja nayo au niazimiwe. Nikaendelea kukata. Mtu anayelala karibu na oveni isiyowaka ana maumivu yake.

Mama Josephina alikuwa anachungulia toka jikoni kwenye nafasi ya mlango. Naona kanga tu. Akamtuma Yuliana kuuliza: mkwe wake mkate mzima, mzuri, anauloweka kwa nini, kama wa mgonjwa? Nikajibu kwa Yuliana kwamba ndivyo unavyotakiwa, unalala mpaka kesho. Yuliana akaenda. Akarudi. Mama anauliza mgonjwa ni nani. Nikajibu hakuna mgonjwa. Akaenda. Akarudi na pilipili manga iliyotwangwa, kwenye jani la mgomba, na ujumbe kwamba niitie hii, la sivyo kitakuwa chakula cha watu wasio na ulimi.

Nimeitia. Mayai na maziwa yakabadilika harufu, yakawa chakula cha hapa. Kwa kweli nashukuru. Yuliana kasema kama tuna mazungumzo zaidi tuandikiane barua, miguu yake imelowa.

Mkate umefunikwa, umelala stoo. Na mimi nakwenda kulala. Ndiyo mapishi yanavyosema.


Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi.

Naandika nikiwa nimevaa suruali ya Mjomba. Nitaeleza.

Misa misheni. Kwaya iliimba mpaka watoto wachanga wakanyamaza. Nikaomba, kwa jina: bonde. Padri wa huku alihubiri unyenyekevu. Nikamtazama Gervas, ajue ni ya kwake.

Tumerudi, Yuliana na Mama wakaingia jikoni. Jiko la Mama liko nje ya nyumba, la miti na udongo, udongo umebanduka hapa na pale, lina matundu. Nikavuta kigoda mpaka kwenye tundu. Gervas naye kaja na kigoda, eti anasubiri supu. Supu ya saa ngapi?

Nikaanza kazi ya akili. Yuliana, makaa ya juu ongeza. Yuliana, usifunue. Yuliana, umefunua, nimesikia bati. Gervas akawa anachangia kwamba oveni yake ina namba za joto. Mwishowe Yuliana katoka, mwiko mkononi, kaongea taratibu kabisa.

"Baba Pendo, mkate huu ukiisikia sauti yako tena hautaumuka."

Akaenda zake bombani kuosha vikombe.

Harufu ikaja. Vitunguu, soseji, ile pilipili manga. Barazani wazee wakaacha habari za bei ya mdalasini. Mjomba Laurenti akainua pua. Nikaona bonde lote mbele yangu, matuta kwa matuta, karoti zimejipanga.

Halafu moshi. Tunduni! Moshi mzito! Nikamwita Yuliana, yuko bombani. Mama, nikajiambia, bila shaka yuko ndani ya nyumba anapanga viti. Bonde langu linaungua na hakuna mtu!

Nikaingia.

Mama Josephina alikuwepo. Kachuchumaa, kanga imeshuka mabegani, kafunua pembe moja ya bati, kijiko mkononi, mdomo umejaa. Anaonja. Tukatazamana. Ndiyo mara ya kwanza namwona uso mzima. Anafanana na Yuliana nikimfumania anakula vitumbua vya wateja.

Na mkate haukuwa unaungua. Umeumuka, umekaa rangi ya dhahabu, mzuri kuliko wa kwenye simu. Moshi ulikuwa wa kuni mbichi chini ya birika la chai.

Nikaziba macho kwa mikono miwili, nikasema shikamoo Mama, nikarudi kinyumenyume. Kisigino kikakuta bati. Makaa yote yakamwagikia juu ya mkate, mengine yakaingia kwenye pindo la suruali. Nilitoka nje nafuka. Gervas alikuwa tayari yuko barazani anawatangazia, kwa masikitiko makubwa, kwamba mwanyumba kaingia jikoni kwa Mama.

Kikao kikakaa kabla ya chai. Mimi katikati, na suruali ya kuazima. Mama nyuma ya mlango wa chumba, haonekani. Mjomba kauliza nilifuata nini. Nikasema moshi. Kauliza niliona nini mle ndani.

Hapa nilikuwa na njia. Ningesema nilichokiona, baraza zima lingecheka, kesi ingeishia hapo. Yule ni mama wa watu wazima, bibi wa wajukuu, mwenye kiti chake kule misheni. Nikasema nimeona moshi tu.

Kisha sauti ya Mama ikatoka nyuma ya mlango.

"Kaka, mkate ulikuwa unaungua. Asingeingia huyu, leo msingekula."

Haukuwa unaungua! Mimi najua na yeye anajua. Nikatazama sakafu. Nikafuta macho. Moshi ule.

Mkate ulikuwa mbele ya Mjomba. Akatoa kisu, akakwangua mkaa pembeni, akakata kipande, akala. Akakwangua tena, akala tena.

"Heshima ya jiko imevunjwa, na hilo lina malipo," akasema. "Mikaeli, utamlimia mama mkwe wako lile bonde. Kwa mikono yako, masika na kiangazi, usimwajiri mtu. Mavuno ya kwanza ni yake. Yanayofuata, lisha wanetu."

Gervas kasimama. Kauliza, kwa heshima zote, kama hiyo ni faini au ni zawadi. Mjomba kamjibu kwamba jiko liko pale pale, na yeye akitamani kuadhibiwa aingie. Gervas kautazama mlango wa jikoni kwa kitambo. Judith kamvuta shati, kakaa.

Mkate tuliukwangua, tukaula wote, mpaka chini ya chombo. Kwenye picha za mwaka huu ukoo mzima una midomo myeusi. Gervas kala mara tatu, kasema anasaidia usitupwe. Na Mama kamtuma Yuliana kwangu: pilipili manga ilikuwa kidogo, mwakani ataongeza.

Ataongeza! Mwakani!

Nashukuru. Nimetafuta hila ndani ya neno hili nisiione.


Ijumaa, 26 Desemba

Tumeshuka bondeni na Mjomba. Udongo mweusi, ukiukamata unabaki na alama za vidole. Kijito kinapita pembeni kinaongea. Mjomba kanionyesha mpaka kwa fimbo: mgomba ule, jiwe lile, mpaka kwenye ile miti. Kasema karoti hapa hazihitaji kubembelezwa. Nimelima matuta mawili kabla ya jua kali, mikono imechubuka, mgongo umegoma. Pendo kaja kusimama ukingoni. Kauliza hii ndiyo kazi yangu sasa? Nikamwambia ndiyo. Kaenda kuwaambia binamu zake, mbio.

Gervas kashuka mchana na jembe jipya kutoka dukani kwake. Kaliweka chini. Kisha akasema tuta langu limepinda. Limepinda kweli.

Nashukuru kwa jembe. La tuta nimemsamehe.


Jumamosi, 27 Desemba. Kihonda.

Tumekuja kuchukua vitu, nahamia bondeni mpaka masika. Nimemsimulia Shadia juu ya ukuta, yote ila lile la kijiko. Kacheka mpaka keki yake ikaungua. Chini, si juu.

Asubuhi Yuliana, akikaanga vitumbua, kaniambia jambo. Eti Mama alimwendea Mjomba tangu mwezi wa kumi na moja, aliposikia habari za kiwanda, akamwambia bonde apewe mkwe aliyekosa kazi. Eti Mjomba alikubali siku ile ile. Krismasi ilikuwa ni kutangaza tu. Eti hata lile la kuniadhibu lilikuwa la kumziba Gervas mdomo, na mkate, mkate ungekuwepo au usingekuwepo, ilikuwa ni mamoja.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Yuliana ni mwanamke mwema na anampenda mama yake. Nikamwambia kwa upole kwamba anaudharau mkate. Kama bonde lilikuwa langu tangu mwezi wa kumi na moja, kwa nini Mjomba alikwangua mara mbili? Kageuza kitumbua.

Mimi hesabu yangu iko wazi. Nimekuwa mkwe mpole miaka yote, nikigeukia migomba, sikupata hata tuta. Nimeingia jikoni mara moja, nimepata bonde. Na juu ya bonde kuna mteremko wa midalasini, mizuri, hakuna anayeitunza.

Ila nisilale. Judith kasema Gervas anaulizauliza Pasaka Mama atapikia wapi, na jana kajaribu kutembea kinyumenyume uani.

Kwa hiyo Pasaka nawahi mimi. Naingia alfajiri, kabla hata moto haujawashwa, na nitapiga teke chochote nitakachokikuta. Namshukuru Mungu kwa kunionyesha njia.